Flashi iliyofungwa kwa nenosiri inapokataa kufunguka kwenye Linux nyingine: ufanye nini

Makala haya ni kwa mkimbizi au mwomba hifadhi anayeweka nyaraka zake kwenye flashi, diski au kompyuta iliyofungwa kwa nenosiri, na anayetumia zaidi ya kompyuta moja yenye mfumo wa Linux. Yatakufaa zaidi kama unasoma au unafanya kazi Jinja au Mbale, huku familia na kompyuta yako ya kwanza vikiwa makazini, kwa mfano Kyaka II au Nakivale. Yanawafaa pia viongozi wa vikundi vya jamii wanaotunza orodha zenye majina na habari za watu.

Kwa ufupi

- Kubadilisha Linux hakuharibu faili zako. Mara nyingi kompyuta mpya haina programu ya kufungulia, au ina ya zamani.
- Kompyuta ikikuambia flashi ifomatiwe, kataa. Ukikubali unaweza kupoteza kila kitu.
- Jua kwanza aina ya kufuli, kisha ndipo ujaribu nenosiri.
- Kama kompyuta yako ya kwanza ilitoka Kongo au Burundi, angalia mpangilio wa kibodi kabla ya kuamini kwamba umesahau nenosiri.
- Jaribu kufungua flashi kwenye kompyuta ya pili kabla ya kusafiri, si siku unayohitaji cheti.

Kwa nini flashi ifunguke Jinja na ikatae Mbale?

Kusimba faili ni kuigeuza iwe alama zisizosomeka mpaka mtu aweke nenosiri au ufunguo sahihi. Hesabu inayofanya kazi hiyo ni ileile katika kila Linux. Lakini Linux yenyewe ina matawi mengi. Kiini ni kimoja, na kila kundi la watengenezaji limekifungashia programu zake, ndiyo maana kuna Ubuntu, Linux Mint, Debian, Fedora, openSUSE na mengine. Kompyuta kuukuu za shule na vituo vya vijana huwekewa tawi lolote lililokuwa rahisi kupatikana siku hiyo, na zinaweza kukaa miaka bila kusasishwa.

Flashi yako inapokataa, sababu huwa ni moja kati ya hizi sita:

1. Programu ya kufungulia haijawekwa kwenye kompyuta hiyo.
2. Programu ipo, lakini ni ya zamani kuliko kufuli lako.
3. Kompyuta ina kumbukumbu ndogo ya RAM.
4. Kibodi imepangwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo nenosiri linaingia tofauti na unavyodhani.
5. Kufuli limefunguka, lakini faili zinahesabiwa kuwa za mtu mwingine.
6. Huna haki za msimamizi kwenye kompyuta hiyo.

Sababu zote sita zina dawa. Jambo lisilo na dawa ni kupoteza nenosiri lenyewe, au kufuta sehemu ya flashi inayotunza funguo.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya kufuli

Chomeka flashi, fungua terminali, uandike:

`lsblk -f`

Utaona orodha ya diski na flashi zote. Angalia jina la flashi yako, kwa mfano sdb1 au sdc1, na neno lililo mbele yake. Kisha linganisha na dalili hizi:

- crypto_LUKS. Hili ni kufuli la kawaida la Linux kwa flashi na diski nzima.
- Faili zenye majina marefu yanayoanza na ECRYPTFS_FNEK_ENCRYPTED, au folda iitwayo .Private. Hii ni folda ya nyumbani iliyosimbwa kwa eCryptfs, iliyotumika sana kwenye Ubuntu za zamani na Linux Mint.
- Faili moja kubwa isiyotambulika na programu yoyote. Huenda ni sanduku la VeraCrypt. Sanduku hilo halina alama ya kulitambulisha, kwa hiyo ni lazima ukumbuke mwenyewe.
- Faili inayoishia na .gpg au .asc. Imesimbwa kwa GnuPG.
- Faili inayoishia na .7z au .zip na inayodai nenosiri. Inafunguka kwa 7-Zip, hata kwenye Windows.
- Faili ya .odt, .docx au .pdf inayodai nenosiri inapofunguliwa. Kufuli ni la faili yenyewe. Ifungue kwa LibreOffice au kisoma PDF.

Ukichomeka flashi ya LUKS kwenye kompyuta ya Windows kafe, Windows itakuambia kwamba flashi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Maana yake ni kwamba Windows haiijui LUKS, wala si kwamba flashi imeharibika. Kataa na uichomoe.

Flashi au diski ya LUKS

Kwenye Ubuntu, Linux Mint, Debian na Fedora zenye skrini ya kawaida, bofya flashi kwenye orodha ya mafaili. Kompyuta itakuomba nenosiri. Ikikuuliza kama ilikumbuke, chagua ilisahau mara moja. Kwa njia hii kwa kawaida huhitaji kuwa msimamizi, mradi umekaa mbele ya kompyuta yenyewe na ulichochomeka ni flashi.

Kama hakuna kinachotokea, huenda programu iitwayo cryptsetup haipo. Mwenye kompyuta anaweza kuiweka kwa amri moja:

- Ubuntu, Linux Mint, Debian: `sudo apt install cryptsetup`
- Fedora: `sudo dnf install cryptsetup`
- openSUSE: `sudo zypper install cryptsetup`

Baada ya hapo unaweza kufungua kwa terminali. Badilisha sdb1 kwa jina uliloliona kwenye flashi yako:

`sudo cryptsetup open /dev/sdb1 nyaraka`
`sudo mount /dev/mapper/nyaraka /mnt`

Faili zako sasa ziko ndani ya /mnt. Ukimaliza, funga hivi kabla ya kuchomoa:

`sudo umount /mnt`
`sudo cryptsetup close nyaraka`

*Kompyuta inasema kifaa si cha LUKS, au toleo halijulikani.* LUKS ina matoleo mawili. LUKS2 ilikuja na cryptsetup 2.0 mwishoni mwa 2017, na tangu cryptsetup 2.1 ya 2019 ndiyo inayotengenezwa usipochagua. Debian 10, iliyotoka Julai 2019, tayari ilikuwa hivyo. Ubuntu 16.04 ya mwaka 2016 ina cryptsetup ya kabla ya hapo, kwa hiyo haiwezi kufungua flashi iliyotengenezwa kwenye Debian 10 au Ubuntu 20.04. Kinyume chake hakina shida, kwani Linux mpya hufungua LUKS ya kwanza bila tatizo.

Dawa ni kutumia Linux mpya zaidi. Huna haja ya kufuta iliyopo. Omba ruhusa ya mwenye kompyuta, kisha uiwashe kwa flashi ya pili yenye Linux inayoendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusimikwa. Kompyuta ikiwa kuukuu kiasi cha kukataa Linux za biti 64, LMDE 6 ya Linux Mint, iliyotoka 2023, ina toleo la biti 32.

*Nenosiri ni sahihi lakini kompyuta inalalamika kuhusu kumbukumbu.* LUKS2 hulazimisha kompyuta kutumia RAM nyingi kila nenosiri linapojaribiwa, ili mwizi asiweze kubahatisha maneno elfu kwa elfu. Flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta yenye RAM kubwa inaweza kudai hadi GB 1. Kompyuta ya maabara yenye RAM ya GB 1 kwa jumla inaweza kushindwa. Ili kujua flashi yako inadai kiasi gani, andika:

`sudo cryptsetup luksDump /dev/sdb1`

Angalia mstari wa Memory. Ukirudi kwenye kompyuta yenye nguvu, unaweza kupunguza dai hilo hadi MB 256 bila kufuta faili. Tengeneza kwanza nakala ya kichwa cha flashi, kama inavyoelezwa chini, kisha uandike:

`sudo cryptsetup luksConvertKey --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb1`

Ukipunguza RAM, refusha nenosiri. Maneno matano au sita yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lenye namba mwishoni.

*Flashi imefunguka lakini faili zinakataa kusomwa.* Linux haikumbuki mwenye faili kwa jina. Inamkumbuka kwa namba. Mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu, Debian na Fedora ni namba 1000, na wa pili ni 1001. Kama nyumbani kaka yako ndiye mtumiaji wa kwanza na wewe wa pili, faili zako ni za 1001, na kompyuta ya Mbale ambako wewe ni 1000 itakuona mgeni. Mwenye haki za msimamizi anaweza kunakili faili na kukukabidhi:

`sudo cp -r /mnt/vyeti ~/vyeti`
`sudo chown -R $USER: ~/vyeti`

*Diski nzima imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa.* Kompyuta inaweza kuungua kwa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na diski yake ikabaki nzima. Kama ilikuwa Ubuntu iliyosimbwa diski nzima, baada ya `cryptsetup open` hutaona faili mara moja, kwa sababu ndani yake kuna mgawanyo mwingine. Andika `sudo vgchange -ay`, kisha `lsblk`, utaona sehemu za ndani za kufungua. Kama ilikuwa Fedora 33 au mpya zaidi, utakuta folda mbili, root na home. Zako ziko ndani ya home. Usichomeke diski ya Ubuntu iliyosimbwa kwenye kompyuta nyingine ya Ubuntu iliyosimbwa kwa njia hiyohiyo, kwani majina ya ndani yanaweza kugongana. Tumia flashi ya kuwashia.

Kibodi ya Kongo na kibodi ya Uganda

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho. Kompyuta nyingi za Kongo na Burundi zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Za Uganda zina QWERTY. Katika hizo mbili, A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M iko kulia kwa L, na namba za juu zinahitaji kitufe cha herufi kubwa.

Kama kompyuta ya AZERTY iliwekewa Linux yenye mpangilio wa Kiingereza, ulipobonyeza kitufe kilichoandikwa A, kompyuta ilipokea q. Hukuona, kwa sababu nenosiri huonyeshwa kama nukta. Kwa mfano, mtu aliyebonyeza vitufe vya "amani" kwenye kompyuta kama hiyo alihifadhi nenosiri "q;qni" bila kujua. Miaka miwili baadaye yuko Jinja kwenye kibodi ya QWERTY, anaandika "amani", anakataliwa, na anaamini amesahau.

Fanya hivi:

1. Fungua programu ya kuandikia isiyo na intaneti. Usihifadhi chochote.
2. Kumbuka vitufe ulivyokuwa ukibonyeza kwenye kompyuta ya kwanza.
3. Tafuta nafasi zilezile za vidole kwenye kibodi iliyo mbele yako, bila kusoma herufi zilizoandikwa juu yake, uone kinachotokea kwenye skrini.
4. Jaribu hicho kama nenosiri. Kisha rudia ukiwa umebadilisha mpangilio wa kibodi kuwa wa Kifaransa kwenye mipangilio ya kompyuta.
5. Futa ulichoandika na ufunge programu bila kuhifadhi.

Kumbuka kwamba skrini inayoomba nenosiri wakati kompyuta inawaka inaweza kuwa na mpangilio tofauti na ule unaoupata baada ya kuingia. Nenosiri jipya lichague lisilo na a, q, z, w, m, namba wala herufi zenye alama kama é na ç. Lifanye refu badala yake, na litakuwa lilelile kwenye kibodi zote mbili.

Folda ya nyumbani ya Ubuntu ya zamani

Kwa miaka kadhaa Ubuntu ilimpa mtu nafasi ya kusimba folda yake ya nyumbani wakati wa kusimika. Njia hiyo iliondolewa kuanzia Ubuntu 18.04, lakini Linux Mint iliendelea kuitoa. Debian 10 haikuwa na programu yake kabisa. Kwa hiyo diski ya kompyuta ya mwaka 2014 ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine inaweza kuonyesha majina yasiyosomeka tu.

Washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu au Linux Mint, unganisha intaneti, kisha andika:

`sudo apt install ecryptfs-utils`
`sudo ecryptfs-recover-private`

Amri ya pili itatafuta folda ya .Private kwenye diski, itakuuliza nenosiri ulilokuwa ukiingilia, na itakuonyesha mahali faili zilipofunguliwa ndani ya /tmp. Zinakili mara moja kwenda mahali pengine.

Kama fundi aliwahi kukubadilishia nenosiri la kuingilia kwa sababu ulilisahau, kufuli la folda lilibaki na nenosiri la zamani. Jaribu la zamani. Ubuntu pia ilikupa ufunguo wa herufi na namba 32 siku ya kwanza na kukuambia uuandike. Tafuta kwenye daftari zako. Ufunguo huo unafungua hata bila nenosiri.

Sanduku la VeraCrypt

VeraCrypt haimo katika hazina za kawaida za Debian na Fedora, kwa hiyo kompyuta nyingi za Linux hazina. Lakini cryptsetup inaweza kufungua sanduku hilo:

`sudo cryptsetup open --type tcrypt --veracrypt sanduku.hc nyaraka`

Kisha endelea na `mount` kama kwenye LUKS. Kama sanduku lako ni la TrueCrypt, programu iliyoachwa na watengenezaji wake Mei 2014, VeraCrypt za kuanzia 1.26.7 haziwezi kulifungua. Tumia amri hiyo bila `--veracrypt`, au VeraCrypt 1.25.9. Ukifanikiwa, hamishia nyaraka kwenye kufuli jipya siku hiyohiyo.

Njia rahisi kwa vyeti vichache

Kama unachobeba ni karatasi ya usajili wa familia, kadi ya mkimbizi, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, huna haja ya kusimba flashi nzima. Simba faili zenyewe. Njia hizi mbili hazihitaji haki za msimamizi mara programu inapokuwepo.

Kwa GnuPG, ambayo ipo kwenye matawi makubwa ya Linux:

`gpg -c cheti.pdf`

Utapata cheti.pdf.gpg. Kuifungua kwenye Linux nyingine:

`gpg -o cheti.pdf -d cheti.pdf.gpg`

Kwa 7-Zip, inayofunga folda nzima na kuficha hata majina ya faili:

`7z a -p -mhe=on vyeti.7z vyeti/`

Faida ya .7z ni kwamba utaifungua pia kwenye Windows, na kwenye simu ya Android kwa programu kama ZArchiver.

Kama mtu alikutumia faili iliyosimbwa kwa ufunguo wako wa GnuPG, nenosiri peke yake halitoshi. Ni lazima ufunguo wenyewe uwe kwenye kompyuta unayotumia. Utoe kwenye kompyuta ya zamani kwa `gpg --export-secret-keys --armor > ufunguo.asc`, na uuingize kwenye mpya kwa `gpg --import ufunguo.asc`. Usiutume kwa WhatsApp wala barua pepe, na usiuingize kwenye kompyuta ya umma.

Kwenye kafe au maabara ya kompyuta

Kufuli hulinda faili zikiwa zimefungwa. Ukishafungua, kompyuta hiyo inaziona. Kabla ya kuanza, jiulize kama unaweza kusubiri kompyuta ya mtu unayemwamini. Kama huwezi:

- Fungua faili ikiwa ndani ya flashi. Usiinakili kwenye Desktop wala Downloads.
- GnuPG hukumbuka nenosiri kwa dakika kadhaa. Ukimaliza andika `gpgconf --kill gpg-agent`.
- Futa picha ndogo za faili zinazobaki: `rm -r ~/.cache/thumbnails`
- Toa faili zako kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, na umwage pipa la taka.
- Ukichapisha, subiri karatasi zote zitoke. Zilizobaki kwenye foleni ya printa zinaweza kutoka baada ya wewe kuondoka.
- Usimpe mhudumu nenosiri ili akusaidie. Andika mwenyewe.

Kama unatunza orodha ya kikundi, kwa mfano majina ya manusura wa ukatili au watoto wasio na wazazi, usiifungue kwenye kompyuta ya umma kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde, na inahusu vikundi vidogo pia. Zaidi ya sheria, orodha hiyo ikivuja anayeumia ni mtu aliyekuamini.

Kabla ya kusafiri

Safari kutoka Jinja kwenda Mbale kupitia Iganga na Tirinyi ni ya saa chache, na flashi ni ndogo kuliko kidole. Inaweza kubaki kwenye kiti cha teksi au kudondoka kwenye bodaboda. Maji nayo hayachagui. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu wakafa na mali nyingi zikasombwa. Fanya haya ukiwa bado na kompyuta yako ya kwanza:

1. Tengeneza nakala mbili za nyaraka zilizosimbwa, na uziweke sehemu mbili. Moja yako, nyingine kwa ndugu katika makazi.
2. Tengeneza nakala ya kichwa cha flashi ya LUKS. Hapo ndipo funguo zinapotunzwa. Kikiharibika, nenosiri sahihi halisaidii kitu.
`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa.img`
Itunze mbali na flashi yenyewe, na uifiche. Anayekuwa nayo pamoja na nenosiri lako la zamani anaweza kufungua flashi hata kama ulishabadilisha nenosiri.
3. Ongeza nenosiri la pili analolijua mtu mmoja unayemwamini: `sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sdb1`. LUKS ya kwanza inakubali manenosiri 8, na LUKS2 hadi 32.
4. Andika kwenye karatasi aina ya kufuli, toleo la Linux na mpangilio wa kibodi uliotumika. Usiandike nenosiri kwenye karatasi hiyo.
5. Jaribu kwenye kompyuta ya pili, ikiwezekana ya tawi jingine na kuukuu zaidi. Fungua faili moja na uisome mpaka mwisho.

Kama unajua utatumia kompyuta za zamani sana, unaweza kutengeneza flashi mpya ya LUKS ya kwanza kwa `sudo cryptsetup luksFormat --type luks1 /dev/sdb1`. Amri hii inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hakikisha mara mbili jina la flashi. Ukiwa na mashaka, muombe fundi akae nawe.

Kama nenosiri limepotea kabisa

Hakuna ofisi, shirika wala fundi mwenye ufunguo wa ziada wa LUKS, VeraCrypt au GnuPG. Mtu anayekuomba pesa mapema akidai ana programu ya kufungua kila kitu anakudanganya. Usimwachie flashi yako. Kilichobaki ni kujaribu tena kwa utulivu, kwanza na kibodi kama ilivyoelezwa juu, kisha na manenosiri yako ya miaka hiyo. Usiifomati. Iweke, kwani huenda ukakumbuka baadaye.

Wakati huohuo anza kutafuta karatasi zenyewe upya. Usajili wa wakimbizi Uganda uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, na karatasi ya usajili iliyopotea huombwa kwao. Kwa cheti cha shule cha nchi nyingine, wanaolinganisha na viwango vya Uganda ni UNEB kwa sekondari na NCHE kwa elimu ya juu, na wote huhitaji cheti chenyewe. Kama kilibaki Kongo na nakala pekee imo kwenye flashi isiyofunguka, andikia shule uliyosoma sasa hivi, wala usisubiri mwezi wa udahili. Majibu kutoka ng'ambo ya mpaka huchukua muda.

Kama bado unayo kompyuta ya kwanza na nenosiri unalikumbuka, anza leo na hatua ya tano ya orodha ya kabla ya kusafiri.